Hedhi nzito: Je, koili ya homoni yakufaa?

Juma hili nataka tuzungumzie jambo ambalo kina mama wengi huona haya kulitaja, hata mbele ya daktari. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami naongeza kwamba mficha hedhi nzito huishiwa na damu polepole, huku watu wa nyumbani wakimwona mvivu.

Mwaka jana alikuja kwangu mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, mwenye umri wa miaka 38. (Nimebadilisha mambo kadha ili asitambulike.) Hakuja kwa sababu ya hedhi. Alikuja akilalamika kwamba kichwa kinamwuma na moyo unamwenda mbio kila anapopanda ngazi za kwenda darasani. Nilipoivuta chini kope ya jicho lake, ndani palikuwa peupe kama karatasi. Ndipo nikamwuliza kuhusu siku zake za mwezi.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Daktari, hizo siku huvaa sketi nyeusi." Alinieleza kwamba huvaa sodo mbili kwa wakati mmoja, hukalia karatasi ya nailoni katika chumba cha walimu, na usiku huamka mara tatu kubadilisha. Alikuwa ameishi hivyo kwa miaka minne. Kipimo kilionyesha kwamba hemoglobini yake, yaani ile sehemu ya damu inayobeba hewa safi, ilikuwa gramu 7 tu kwa kila desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito, inatakiwa isipungue gramu 12.

Nilipomtajia koili, alishtuka. "Dada yangu aliwekewa koili," akasema, "na damu ndiyo ilizidi!"

Mwalimu huyo hakuwa amekosea. Dada yake kweli aliwekewa koili, na damu kweli ilizidi. Jambo ambalo hakuna aliyewaeleza ni kwamba kuna koili za aina mbili, na kuhusu damu ya mwezi aina hizo mbili hufanya kazi kinyume kabisa. Kwa sababu ya kutojua hilo, wako kina mama wanaoikataa dawa ambayo ingewafaa, na wako wengine wanaoikubali ile isiyowafaa.

HEDHI NZITO NI IPI?

Kwa kawaida mwanamke hupoteza takriban mililita 30 hadi 40 za damu kila mwezi, yaani kama vijiko sita hadi vinane vya chai. Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilisema kwamba hedhi ni nzito ikipita mililita 80. Lakini nani atakaa na kikombe akipima? Siku hizi sisi madaktari huangalia zaidi jinsi damu hiyo inavyoathiri maisha yako.

Hedhi yako ni nzito ukiona mambo haya: unalowesha sodo nzima kwa saa moja au mbili, tena kwa saa kadhaa mfululizo, unaona mabonge ya damu yenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 10 au zaidi, damu inatoka kwa zaidi ya siku saba, inakubidi uamke usiku kubadilisha, au unakosa kwenda kazini, sokoni, kanisani au msikitini kwa kuogopa kuchafuka. Ukiwa na hata moja kati ya dalili hizo mwezi baada ya mwezi, usiambiwe kwamba "ndivyo wanawake walivyo". Hata kama mama yako na nyanya yako walikuwa hivyo, haina maana kwamba walikuwa sawa. Pengine nao walikuwa wagonjwa wasiotibiwa.

KWANZA TUJUE CHANZO

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Hedhi nzito ni dalili, kama vile homa ilivyo dalili. Mtu mwenye homa hapewi tu dawa ya kuishusha na kurudishwa nyumbani bila kupimwa malaria. Vivyo hivyo, usikubali kuwekewa koili wala kumezeshwa tembe kabla hujaulizwa maswali na kupimwa.

Chanzo kinachojulikana sana ni fibroidi, yaani uvimbe usio wa saratani unaoota katika nyama ya mfuko wa uzazi. Wengine huwa na kijinyama kinachoning'inia ndani ya mfuko huo. Wengine, utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huingia katika nyama yenyewe, na hao hupata pia maumivu makali sana wakati wa hedhi. Kwa wasichana wadogo na kwa wanawake wanaokaribia kukoma hedhi, aghalabu shida huwa ni homoni zisizo na mpangilio. Kuna pia matatizo ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni, maradhi ya damu isiyoganda vizuri, na dawa za kuyeyusha damu. Na kama tulivyoona, koili ya shaba yenyewe yaweza kuwa chanzo.

Mara chache, chanzo huwa ni saratani. Ndiyo maana ukitokwa na damu katikati ya mwezi, baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi kwa mwaka mzima, usingoje. Nenda upimwe mara moja. Aidha, aliyepita umri wa miaka 45 na ambaye hedhi yake imebadilika huenda akahitaji kuchukuliwa kipande kidogo cha ule utando wa ndani ili kikachunguzwe katika maabara.

Vipimo vya mwanzo si vingi: kipimo cha damu, kipimo cha mimba, kupimwa mlango wa kizazi na, pale inapofaa, picha ya skani ya tumbo la chini. Msichana ambaye hedhi imekuwa nzito tangu ile ya kwanza, na ambaye hutokwa na damu ya pua au ya fizi kwa urahisi, apimwe pia kama damu yake inaganda ipasavyo.

Nina sababu ya kulisisitiza jambo hili. Nilipokuwa daktari kijana katika hospitali moja ya wilaya, mama mmoja alikuja mara tatu kwa muda wa miezi saba. Kila mara nilipima damu, nikaona imepungua, nikampa tembe za kuongeza damu, nikaita mwingine. Sikumwuliza hata swali moja kuhusu hedhi. Mara ya nne aliletwa kwa machela. Ilibidi aongezwe damu chupa tatu, na skani ikaonyesha fibroidi kubwa. Alipona, lakini kosa lilikuwa langu. Ilikuwa ni sawa na kujaza maji katika mtungi uliotoboka bila kutafuta tundu.

KOILI MBILI, KAZI MBILI

Koili ambayo wengi wetu tunaijua ni ile ya shaba. Haina homoni yoyote. Ni njia nzuri ya kupanga uzazi, hudumu kwa miaka 10 au zaidi, na hupatikana katika hospitali nyingi za umma. Lakini huongeza damu ya mwezi pamoja na maumivu, hasa katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Mwanamke ambaye hedhi yake tayari ni nzito, au aliyepungukiwa na damu, kwa kawaida hashauriwi kuichagua.

Koili ya pili ni ya homoni. Nayo ina umbo la herufi T, ndogo kama kidole cha mtoto, lakini shina lake limebeba dawa iitwayo levonojestreli. Dawa hii ni jamii moja na homoni ya projesteroni ambayo mwili wa mwanamke huitengeneza wenyewe. Ilibuniwa na wataalamu nchini Finland, ikaidhinishwa huko mwaka 1990. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015. Inayojulikana zaidi kwa jina la biashara ni Mirena.

Kwa hivyo, ukiambiwa "tutakuwekea koili", swali lako la kwanza liwe: "Koili gani?"

INAVYOFANYA KAZI

Kila mwezi, mfuko wa uzazi hutandika utando wa ndani kama mtu anayetandika kitanda akimngoja mgeni. Mgeni, yaani mimba, asipofika, matandiko hayo hutolewa nje, na hiyo ndiyo hedhi. Kwa mwanamke mwenye hedhi nzito, mara nyingi matandiko huwa mazito mno.

Koili ya homoni yenye miligramu 52 huanza kwa kutoa takriban mikrogramu 20 za dawa kila siku, papo hapo ndani ya mfuko. Dawa hiyo huufanya utando ubaki mwembamba. Utando ukiwa mwembamba, damu ya kutoka huwa kidogo.

Hapa ndipo hofu kubwa hutokea. Wengi huniuliza: "Damu isipotoka, haijazani tumboni na kuniletea uvimbe?" La, hasha. Hakuna damu iliyozuiwa. Ni kama sufuria ambayo haikupikiwa wali: huwezi kuuliza ukoko umekwenda wapi. Damu ambayo ingemwagika hubaki katika mishipa yako ikifanya kazi yake.

Matokeo yake ni mazuri. Baada ya miezi michache, wanawake wengi hupungukiwa na damu ya hedhi kwa kiasi cha asilimia 90, na karibu mmoja katika kila watano hukoma kuona damu kabisa ifikapo mwisho wa mwaka wa kwanza. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa Uingereza kwa wanawake 571 wenye hedhi nzito. Nusu walipewa koili ya homoni na nusu tembe za kawaida. Katika muda wa miaka miwili, waliopewa koili walipata nafuu zaidi katika kazi zao, nyumba zao na nguvu zao.

Lakini utafiti huohuo ulionyesha jambo jingine ambalo wauzaji wa dawa hawapendi kulitaja kwanza. Baada ya miaka hiyo miwili, asilimia 64 ya wanawake wa kundi la koili walikuwa bado wanaitumia. Waliobaki, yaani zaidi ya mmoja katika kila watatu, walikuwa wameiacha. Katika lile kundi la tembe, waliokuwa wakiendelea nazo walikuwa asilimia 38 tu. Kwa hivyo koili iliwafaa wengi kuliko tembe, lakini si kila mtu.

MIEZI YA UVUMILIVU

Sababu moja kubwa ya kina mama kuiacha ni kwamba hawakuambiwa ukweli kuhusu miezi ya mwanzo. Kwa muda wa miezi mitatu hadi sita, damu haiji kwa mpangilio. Waweza kuona matone kila siku, ukae wiki bila kitu, kisha yarudi tena. Ni damu kidogo, lakini inachosha. Anayetarajia kupona kesho yake atadhani kwamba ameharibiwa.

Wagonjwa wangu Waislamu huniuliza kuhusu sala na saumu katika miezi hiyo ya matone. Hilo si swali la daktari kulijibu. Ninalowashauri ni wamwulize mwanachuoni kabla ya kuwekewa, wala si baada ya kuanza kutaabika.

Wengine hupata maumivu ya kichwa, chunusi, matiti kuuma, au huhisi kwamba hamaki na huzuni zimezidi. Mara nyingi mambo haya hupungua baada ya miezi kadha. Uvimbe mdogo wa maji huweza kutokea katika ovari, lakini aghalabu huisha wenyewe.

HATARI ZAKE

Hakuna tiba isiyo na hatari, na ni haki yako kuzijua kwa hesabu. Koili huweza kutoka yenyewe kwa takriban mwanamke mmoja katika kila 20, na hutoka zaidi kwa wenye fibroidi au damu nyingi sana. Mara chache sana, kama mwanamke mmoja au wawili katika kila 1,000, hutoboa ukuta wa mfuko wa uzazi. Hatari ya maambukizi huwa kubwa kidogo katika siku 20 za mwanzo, hasa kwa aliyekuwa na ugonjwa wa zinaa usiotibiwa. Mimba ni nadra: chini ya mwanamke mmoja katika kila 100 kwa mwaka. Lakini ikitokea, ni lazima uende hospitali haraka, kwani yaweza kuwa nje ya mfuko wa uzazi.

Kuhusu saratani, utafiti mkubwa wa Denmark uliochapishwa mwaka 2024 uliona visa vya saratani ya matiti vipatavyo 14 zaidi kwa kila wanawake 10,000 wanaotumia koili hii, wakilinganishwa na wasiotumia homoni. Ni idadi ndogo, lakini ambaye mama yake au dada yake aliugua saratani hiyo azungumze na daktari kwanza. Kwa upande mwingine, koili hii huupunguzia utando wa ndani wa mfuko wa uzazi hatari ya saratani.

NANI ASIWEKEWE?

Usiwekewe ikiwa una mimba au unashuku unayo. Una maambukizi ya kizazi ambayo hayajatibiwa. Unatokwa na damu ambayo chanzo chake hakijachunguzwa. Una saratani ya matiti, ya mlango wa kizazi au ya mfuko wa uzazi. Una ugonjwa mkali wa ini. Au fibroidi zimelipinda umbo la ndani la mfuko wa uzazi. Fibroidi ndogo, za chini ya sentimita 3, ambazo hazijaharibu umbo hilo hazizuii.

Kina mama wanaoishi na virusi vya ukimwi na walio imara kwa dawa wanaweza kuitumia. Wenye ugonjwa wa selimundu pia wanaweza, tena kwao kila tone la damu lililookolewa ni faida. Lakini kumbuka kwamba koili haikukingi dhidi ya ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Kazi hiyo ni ya kondomu.

SIKU YA KUWEKEWA

Kazi yenyewe huchukua kama dakika 10. Mhudumu aliyefunzwa hukupima, hufungua njia kwa kifaa maalumu, husafisha mlango wa kizazi, hupima urefu wa mfuko, kisha huiingiza koili. Nyuzi mbili nyembamba huachwa zikichungulia ili baadaye koili iweze kuvutwa.

Je, huuma? Ndiyo. Kwa wengine ni kama maumivu ya hedhi, kwa wengine ni makali zaidi, hasa ambaye hajawahi kuzaa kwa njia ya kawaida. Mwulize mhudumu mapema ni dawa gani ya maumivu utakayomeza kabla, na kama kuna ganzi. Usiambiwe "wewe si ulizaa?" ukanyamaza. Ukishindwa kuvumilia, mwambie asimame, naye anapaswa kusimama.

Baada ya wiki nne hadi sita, rudi uangaliwe. Usingoje siku hiyo ukipata homa, maumivu makali ya tumbo la chini, uchafu wenye harufu mbaya, usipozigusa tena nyuzi, au ukihisi dalili za mimba.

KAMA HUITAKI KOILI

Zipo njia nyingine. Kuna tembe za asidi ya traneksamiki, zinazomezwa siku za damu nyingi tu, ambazo huweza kupunguza damu kwa karibu nusu. Hazifai kwa aliyewahi kugandiwa na damu katika mishipa ya mguu au mapafu. Dawa za maumivu kama vile asidi ya mefenamiki na ibuprofeni hupunguza damu kiasi pamoja na maumivu, lakini wenye vidonda vya tumbo wajihadhari. Kuna tembe za kupanga uzazi, ambazo hazifai kwa wenye shinikizo la damu au kwa wavutaji sigara waliopita miaka 35. Kuna pia sindano ya miezi mitatu. Mwisho kuna upasuaji: kuondoa fibroidi, kuunguza utando wa ndani, au kuutoa mfuko wa uzazi. Hizi mbili za mwisho ni za ambaye hataki tena kuzaa.

Na njia yoyote utakayoichagua, damu uliyokwisha kuipoteza ni lazima irudishwe. Meza tembe za madini ya chuma kama utakavyoelekezwa. Kula terere, managu, kunde, maharagwe, omena na maini, pamoja na chungwa au limau. Chai ya rangi na ya maziwa uiweke mbali na chakula na tembe, kwani huzuia madini ya chuma kuingia mwilini.

MASWALI MANNE YA KUJIULIZA

Kwanza, je, chanzo kimejulikana? Kama hakijulikani, bado hujafika kwenye uamuzi.

Pili, wataka mtoto lini? Koili ikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Lakini kama wataka mimba katika miezi michache ijayo, hakuna haja ya kuvumilia miezi sita ya matone kisha uitoe. Tembe za siku za damu zitakufaa zaidi. Kama umemaliza kuzaa au wataka kupumzika miaka kadha, koili ina faida maradufu. Kwa hedhi nzito hutumika kwa miaka mitano kisha hubadilishwa.

Tatu, waweza kuvumilia miezi hiyo ya mwanzo? Fikiria kazi yako, ibada yako, na hali ya nyumbani.

Nne, gharama yake ni ipi? Koili ya homoni haipatikani kila mahali kama ile ya shaba. Uliza bei yote kwa pamoja: koili, skani, kuwekewa na kurudi kuangaliwa. Bima ya NHIF ilipisha ile ya SHA mnamo Oktoba 2024, kwa hivyo usitegemee habari za zamani. Uliza kituoni kwako ni huduma gani zinazolipiwa. Mwombe daktari aandike wazi kwamba unatibiwa hedhi nzito, kwani baadhi ya bima za kibinafsi hukataa kulipia upangaji uzazi.

Je, mume? Ni vyema azungumziwe, kwani nyumba hujengwa na wawili, na wanaume wengi huunga mkono wakielezwa kwamba mke wao anapungukiwa na damu. Lakini mwili ni wako, na mwanamke mtu mzima hujitilia sahihi mwenyewe. Nyuzi zikimchoma mume, zinaweza kukatwa fupi. Na koili haitembei hadi moyoni, kwani mfuko wa uzazi hauna njia ya kwenda huko.

ALICHOAMUA MWALIMU

Yule mwalimu hakuamua siku ile, nami sikumharakisha. Skani ilionyesha fibroidi moja ndogo isiyolipinda umbo la mfuko. Nilimwanzishia tembe za madini ya chuma na asidi ya traneksamiki, akarudi nyumbani na karatasi ya maelezo. Baada ya miezi miwili alirudi na mumewe, akaichagua koili ya homoni.

Mwezi wa tatu alinijia amekasirika. Matone yalikuwa hayajaisha, akataka itolewe. Nilimwambia: "Mwalimu, nitaitoa leo hii ukitaka. Lakini hebu tupime damu kwanza." Ilikuwa imepanda kutoka gramu 7 hadi 10. Akafikiri, akasema atangoja hadi shule zifungwe. Zilipofungwa, matone yalikuwa yamekwisha. Alipokuja mara ya mwisho damu ilikuwa imefika gramu 12, naye alikuwa amevaa sketi ya rangi ya maziwa.

Wiki hiyohiyo nilimwona mama mwingine wa umri wake ambaye fibroidi zake zilikuwa kubwa zikilipinda umbo la mfuko. Koili isingemsaidia. Nilimpeleka kwa mtaalamu wa upasuaji. Na binti mmoja aliyekuwa akipanga harusi na mtoto wa mapema alichagua tembe. Watatu hao walikuwa na hedhi nzito, na kila mmoja aliondoka na jibu lake, kwa sababu kila mmoja aliulizwa na kupimwa kwanza.

Basi, dada msomaji, ikiwa nawe una sketi nyeusi uliyoitengea siku hizo, usiendelee kuivaa kimya kimya. Mwezi huu hesabu sodo unazotumia, andika siku ngapi damu inatoka, kisha umpelekee daktari au muuguzi karatasi hiyo. Asipokuuliza kuhusu hedhi, mwambie wewe.